Kivumbasi cha Nyuki: Jinsi ya Kukipanda na Kukitunza Tabora

Mfugaji wa nyuki wa Tabora hutegemea zaidi maua ya miti ya miombo, ukiwemo mtundu, ambao huchanua mwishoni mwa kiangazi kuelekea mvua za Novemba. Maua hayo yakipukutika, chakula cha nyuki karibu na mizinga hupungua, na hapo ndipo kivumbasi kinapofaa, kwa kuwa kikikatwa kwa zamu huendelea kutoa maua kwa sehemu kubwa ya mwaka. Asitarajie mtu kuvuna ndoo za asali kutokana na kivumbasi cha uani. Kazi yake ni kuwashikiza nyuki, pamoja na wale wadogo wasiouma, mpaka miti ichanue tena.

Hatua ya 1: Mbegu

Kinachotakiwa ni kivumbasi kirefu, ambacho wataalamu hukiita *Ocimum gratissimum*, kinachodumu miaka kadhaa na ambacho shina lake hugeuka mti upande wa chini. Vile vifupi vya msimu mmoja havifai kwa kazi hii. Subiri suke ligeuke kahawia na kukauka kabisa, kisha lipukuse juu ya ungo na kupepeta makapi.

Hatua ya 2: Kitalu

Sia mwezi Septemba ili miche iwe tayari mvua zinaposhika. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane mahali pamoja, zitawanye juu ya udongo uliolainishwa na kuchanganywa na samadi iliyooza, kisha zigandamize kwa kiganja bila kuzifukia, kwa sababu ni ndogo mno na zikizama chini hazichomozi. Mwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, na uzungushie miiba, kwani kuku mmoja anaweza kumaliza kitalu kizima kwa asubuhi moja. Mwenye shina la jirani hahitaji kitalu: wakati wa mvua akate tawi changa lisilo na maua, lenye urefu wa sentimita 15 hivi, aondoe majani ya chini na kulichomeka mahali penye kivuli chepesi.

Hatua ya 3: Kuhamishia shambani

Panda penye jua, mita moja kati ya shina na shina. Udongo wetu wa kichanga hupitisha maji haraka, kwa hiyo tia samadi katika kila shimo. Ukitandaza nyasi, ziache mbali kidogo na shina, maana nyasi kavu huita mchwa.

Hatua ya 4: Kukata

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapozembea. Maua hutokea kwenye ncha za matawi, hivyo mche ukifika kimo cha goti, katakata ncha yake ili utoe matawi mengi. Ukilitazama suke kwa karibu utaona vijiua vyeupe vimelizunguka pingili kwa pingili, vikifunguka kuanzia chini kwenda juu, na nyuki anapotua, chavua humgusa tumboni kwa sababu stameni, yaani vijiti vinavyobeba chavua, zimelala kwenye mdomo wa chini wa ua. Vijiua vya juu vikishakwisha, mmea huanza kushughulika na mbegu. Kata suke pamoja na sehemu ya tawi lake, na matawi mapya yatachipua na kuchanua. Usikate mashina yote kwa siku moja. Gawa mashina yako mafungu mawili, ukate fungu la pili pale la kwanza linapoanza kuchanua upya, na uache mashina machache yazae mbegu za mwaka unaofuata.

Hatua ya 5: Kiangazi

Katika mwaka wa kwanza mwagilia mara mbili kwa wiki kuanzia Juni, jioni, kwa maji ya kutosha kufika kwenye mizizi. Mashina yaliyokomaa huvumilia zaidi, ingawa hupukutisha majani. Mvua zinapokaribia, yapunguze hadi chini kidogo ya goti, lakini usishuke kupita mahali penye macho mabichi, kwa maana mti mkavu mtupu huweza kushindwa kuchipua.

Kuhusu dawa za wadudu, mimi sizitumii kabisa kwenye kivumbasi. Mwenye shamba la tumbaku au mboga jirani na vivumbasi apulizie jioni, nyuki wakisharudi mzingani, na achague siku isiyo na upepo.