Luupu ya R ikikokota, itazame c() kwanza

Luupu ya for (amri ya kurudiarudia kazi) katika R, lugha ya programu ya takwimu, ikienda kwa kujikokota, mara nyingi kosa si la for yenyewe. Tafuta mstari wa aina ya x <- c(x, thamani). Hapo c() huunganisha thamani mpya mwishoni mwa x, na kila mzunguko R hutenga nafasi mpya ya kumbukumbu na kuinakili vekta (mfuatano wa thamani) nzima upya. Kwa mizunguko 100,000 namba zilizokwisha kukokotolewa hunakiliwa takriban mara bilioni 5. Tenga nafasi mapema, x <- numeric(n), kisha ndani ya luupu andika x[i] <- thamani.

Kurefusha jedwali kwa rbind, yaani kuongeza safu mlalo mojamoja, ni ugonjwa huohuo, tena mbaya zaidi. Jaza vipande kwenye vector("list", n), halafu viunge mara moja tu nje ya luupu: do.call(rbind, vipande).

Jumla limbikizi haihitaji luupu kabisa, cumsum(x) inatosha. Kubadili for kuwa sapply (inayotekeleza kazi moja kwa kila kipengele) husafisha msimbo tu; kasi hubaki karibu ileile.

Na zungusha kwa seq_along(x), inayotoa namba za nafasi za x. Vekta ikiwa tupu, 1:length(x) hutoa 1 kisha 0, na luupu huzunguka mara mbili bila sababu.