Ukitaka kumwona mwewe Dar, wasikilize kunguru

Wengi wanatafuta mwewe kwa kukodoa macho angani mpaka shingo inauma. Mimi natumia masikio. Kunguru wa mjini, hawa wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, hawamvumilii ndege mla nyama hata kidogo. Ukisikia wamepandisha kelele ghafla, zote upande mmoja, inua macho hapohapo. Mara nyingi utakuta wamemzonga mwewe, wanamchokoza kwa nyuma, naye anakwepa tu bila haraka.

Kumtofautisha ni rahisi: tazama mkia. Wa mwewe una panda mwishoni, na akielea anaupindapinda kama usukani, kushoto, kulia, mabawa yametulia kabisa. Akipita chini utaona mdomo wa njano.

Pa kuanzia ni soko la samaki la Feri, asubuhi boti zikishusha samaki. Utumbo ukitupwa majini, mwewe anashuka, anaudaka kwa kucha bila kulowa, kisha anainamisha kichwa na kula akiwa bado angani. Simama jua likiwa mgongoni, la sivyo utaona kivuli cheusi tu.

Darubini au kamera usiielekeze upande wa Ikulu, iko jirani pale na maelezo yatakuwa marefu. Na kama umenunua mshikaki, kula ukiwa chini ya paa. Wangu uliondoka nikiwa bado natafuta pilipili.