Kutafuta Bakteria wa Vimeng'enya vya Sabuni katika Maziwa ya Magadi

Kimeng'enya (protini inayoharakisha uvunjaji wa uchafu) kinachotiwa katika sabuni ya unga hakina budi kufanya kazi ndani ya maji yenye pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya kati ya 9 na 11, hali ya alkali kali ambayo huharibu vimeng'enya vingi vya kawaida. Kwa sababu hiyo ni afadhali kuanza utafutaji mahali ambapo bakteria wamekwisha kuizoea, kama vile Ziwa Bogoria nchini Kenya, ambalo maji yake yana pH ya karibu 10 na ambalo kandokando yake zimo chemchemi zinazotokota.

Vibali hutangulia. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 humtaka mtafiti apate ruhusa ya kutumia rasilimali za kijenetiki na akubaliane mapema kuhusu mgawanyo wa faida, na ni vigumu sana kurekebisha jambo hilo bidhaa ikishafika sokoni.

Ukifika ziwani, pima pH na joto papo hapo, kisha chota tope la juu penye manyoya ya heroe yanayooza, kwa kuwa huko bakteria wanaovunja protini hupata chakula tele. Ikiwa unawalenga jamii ya Bacillus, pasha sampuli joto la nyuzi 80 kwa dakika 10: spora zao, yaani chembe zao ngumu zinazostahimili joto, husalia hai ilhali bakteria wengine wengi hufa. Zimua mara kumi kumi hadi mara milioni moja, kisha tandaza mililita 0.1 ya kila hatua juu ya agari, ute ulioganda wa kuoteshea bakteria.

Agari hiyo huwa na peptoni (protini iliyovunjwavunjwa), hamira iliyokamuliwa, fosfeti kidogo na wanga, pamoja na asilimia 1 ya kaboneti ya sodiamu. Takasa kaboneti kwa joto, ili kuua vijidudu, katika chupa yake pekee na uichanganye na agari ikiwa imepoa hadi nyuzi 60 hivi. Zikichemshwa pamoja, mchanganyiko hugeuka kahawia na agari hushindwa kuganda vizuri.

Kipimo cha wanga, kinachoonyesha bakteria wanaotoa amilesi (kimeng'enya kinachovunja wanga), ndicho chenye mtego. Kwa desturi sahani humwagiwa iodini, wanga hugeuka buluu iliyokolea, na koloni, yaani kundi la bakteria lililoota mahali pamoja, inayotoa amilesi huzungukwa na kiduara cheupe. Katika pH 10, hata hivyo, alkali huibadili iodini ikapoteza rangi, na sahani nzima huonekana nyeupe kana kwamba kila koloni ni hodari. Nakili kwanza koloni zako kwenye sahani nyingine, maana hizi zitakufa. Kisha mimina asidi hafifu ya hidrokloriki, ungoja povu litulie, ndipo utie iodini.

Ukubwa wa kiduara usikudanganye, kwani huathiriwa pia na kasi ya koloni kukua. Otesha zile bora katika kimiminika, tenganisha seli, na upime maji yaliyobaki katika pH 10 na joto la nyuzi 60, mbele ya sabuni yenyewe na mbele ya EDTA, kemikali inayonyakua kalsiamu ambayo amilesi nyingi huitegemea. Binafsi nakiamini kipimo hiki kuliko vyote vilivyotangulia. Watakaofaulu watambuliwe kwa kusoma jeni ya 16S rRNA, inayotumika kubainisha aina za bakteria, na nakala zao zihifadhiwe katika gliserini ya asilimia 20 kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri.