Mtoto anapotolewa uvimbe kwa tundu dogo

Binti yangu alikuwa na miaka 4 nilipopapasa kigololi kigumu kwenye ncha ya unyusi wake. Hakikumuuma. Kilikuwa sisti ya demoidi, uvimbe wa kuzaliwa nao usio saratani.

Usikubali kisu kabla ya picha. Kwa uvimbe wa juu juu altrasaundi mara nyingi hutosha, lakini ulio katikati ya pua huhitaji kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku), maana demoidi ya hapo inaweza kuwa na mzizi unaoelekea kwenye ubongo.

Kisha muulize daktari atapitia wapi. Wetu alipasua kidogo nyuma ya mstari wa nywele, akapenyeza kamera nyembamba chini ya ngozi. Muulize pia kama ataweza kuutoa mzima, kwa sababu ganda lake likibaki uvimbe huweza kurudi. Na tundu lisipotosha, mkubalie mapema alipanue. Kovu si kitu mbele ya usalama wa mtoto.

Siku yenyewe, kufunga ndiko kugumu. Kwa kawaida chakula husimama saa 6 kabla ya nusukaputi, maziwa ya mama saa 4. Maji fuata ulivyoelekezwa. Alilia, nikalia naye, lakini sikumpa hata biskuti: chakula kikipanda akiwa amelala huweza kuingia mapafuni.

Uvimbe uliotolewa upelekwe maabara ya patholojia, inakochunguzwa nyama iliyotolewa mwilini, na jibu lifuatilie mwenyewe. Nyumbani, ukiona homa, usaha au wekundu unaosambaa, mrudishe siku hiyo hiyo.