Soseji, Viazi na Mboga katika Kikaango Kimoja: Chakula cha Jioni kwa Dakika 45

Chakula kinachoelezwa hapa hupikwa sana Marekani na Uingereza, ambako huitwa hash, neno lililotokana na kitenzi cha Kifaransa hacher, yaani kukatakata. Jina hilo linaeleza karibu kila kitu: viazi, nyama na mboga hukatwa vipande vidogo, hukaangwa katika kikaango kimoja mpaka viazi vifanye ukoko, kisha huliwa vikiwa vya moto. Mpishi wa Dar es Salaam au Nairobi anayefika nyumbani saa moja jioni akakuta soseji kwenye friza, viazi kapuni na kipande cha kabichi kilichobaki juzi, atakiona kinamfaa kuliko vyakula vingi, kwa kuwa hakihitaji nyama ya kuchemshwa kwanza wala nazi ya kukunwa, na mwisho wake kuna chombo kimoja tu cha kuosha. Wala si kigeni sana kwetu. Ni ndugu wa chipsi mayai, ila mafuta yake ni machache na mboga zake ni nyingi.

Wengi hukiharibu kwa namna moja ileile: humimina kila kitu kikaangoni kwa pamoja, hukoroga bila kupumzika, na baada ya nusu saa hupata rojo la viazi lenye vipande vya soseji vilivyopauka. Kinachowaponza ni maji. Kabichi, hoho na vitunguu hutoa maji mengi vikipata moto, na maji yanayochemka hayavuki nyuzijoto 100 za sentigredi, ilhali ukoko wa kahawia wenye harufu inayoita watu mezani huanza kujengeka vizuri panapo nyuzijoto 140 hivi. Kwa hiyo, maadamu kikaango kina maji ndani yake, mpishi anachemsha, hata kama mwenyewe anaamini kwamba anakaanga. Utaratibu wote unaofuata umepangwa kwa kuzingatia jambo hilo: kila kitu kinaingia kwa zamu yake, na chenye maji mengi kinasubiri.

Kikaango kiwe kipana, kizito na chenye kitako bapa. Kwa watu 4, kipenyo cha sentimita 28 hadi 30 kinatosha, na lazima upatikane mfuniko wa kukifunika, hata ukiwa ni wa sufuria nyingine au sinia la bati. Kikaango cha chuma ambacho hukaangiwa chapati ni kizuri mno kwa sababu hutunza joto, ingawa vingi vyake havina kina, hivyo kitawatosha watu 2. Karai sikishauri kwa kazi hii: kitako chake ni kidogo na kuta zake zimeinama, kwa hiyo viazi hurundikana katikati, vya chini vikaungua huku vya juu vikiiva kwa mvuke tu. Sufuria nyembamba ya alumini nayo hung'ang'ania viazi, na anayelazimika kuitumia apunguze moto kidogo na aongeze kijiko kimoja cha mafuta juu ya kiasi kilichotajwa hapa.

Mahitaji ya watu 4 ni viazi mviringo gramu 700, ambavyo ni kama viazi 5 vya ukubwa wa kawaida, soseji gramu 400, vitunguu maji 2, karoti 2, pilipili hoho kubwa 1, kabichi kama gramu 200, yaani kipande kinachojaa kiganja, punje 3 za kitunguu saumu, vijiko 3 vya chakula vya mafuta ya kupikia, nusu kijiko cha chai cha binzari nyembamba iliyosagwa, pilipili manga, chumvi, na ndimu 1. Kotmiri, ambayo wenzetu wa Kenya huiita dania, ni nzuri ikiwepo, na isipokuwepo chakula hakitaharibika.

Viazi vinahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndivyo vinavyoamua kama chakula kitakuwa na ukoko au kitakuwa rojo. Tafuta vile ambavyo nyama yake ni ngumu, visivyovurugika haraka. Aina ya Shangi, ambayo imetapakaa katika masoko ya Kenya, huiva upesi sana, na sifa hiyo inayopendwa na wapishi wa mchuzi ndiyo inayoleta taabu hapa. Anayeitumia akate vipande vikubwa kidogo na apunguze dakika 2 katika hatua ya kufunika itakayoelezwa mbele. Kwa upande wa Tanzania, ambako viazi vingi hutoka Njombe na Mbeya, njia rahisi ni kumwuliza muuzaji ni vipi wakaanga chipsi wanavipendelea, kisha ukachukua hivyo. Viazi visihifadhiwe kwenye friji, kwa kuwa baridi huigeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na viazi vya namna hiyo hubadilika kuwa vyeusi kikaangoni kabla ya kuiva ndani. Sehemu yoyote iliyogeuka kijani ikatwe na kutupwa pamoja na macho ya kiazi, na kiazi kilichoenea ukijani au chenye ladha ya uchungu kitupwe chote, maana kina sumu ambayo moto wa kupikia hauiondoi.

Soseji nazo si za namna moja. Zile za kawaida za ng'ombe, kuku au nguruwe zinazouzwa zikiwa zimegandishwa kwa kawaida ni nyama mbichi, na zinapaswa kuiva kabisa mpaka ndani. Soseji za moshi, kama zile zinazouzwa barabarani nchini Kenya kwa jina la smokie, zimekwisha kuiva kiwandani na zinahitaji kupata rangi na moto tu. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kuanza. Familia ya Kiislamu itaangalia pia alama ya halali hata kama pakiti imeandikwa kwamba nyama ni ya ng'ombe, kwa kuwa ganda la soseji linaweza kuwa limetokana na mnyama mwingine. Soseji zilizoganda ziyeyushwe ndani ya friji tangu asubuhi, au ziwekwe kwenye mfuko uliofungwa vizuri na kuzamishwa katika maji ya baridi. Kuziacha juu ya meza mchana kutwa katika joto la pwani ni kujitafutia maradhi. Zikiwa bado na ugumu kidogo wa barafu, ndipo zinapokatika vizuri bila nyama kutoka nje ya ganda. Kata vipande vya unene wa sentimita 1, ukizikata kwa mshazari ili kila kipande kiwe na uso mpana wa kugusa kikaango.

Viazi vimenywe na vikatwe vipande vya mraba vya sentimita 1 na nusu. Kipimo hiki kifuatwe kwa makini, kwa sababu vipande vikitofautiana sana, vidogo vitaungua vikingoja vikubwa viive. Vikishakatwa, vioshwe kwa maji mara 2 ili wanga wa nje utoke, maana ndio unaovifanya vigandane, kisha vikaushwe kwa kitambaa safi. Karoti zikatwe ndogo kuliko viazi, kama nusu sentimita, kwa sababu zinachelewa kulainika. Vitunguu na hoho vinaweza kuwa vipande vya kiasi, kabichi ikatwe nyembamba, na kitunguu saumu kitwangwe. Kazi yote hii huchukua dakika 10 hivi, na ni vema ikamilike kabla ya kuwasha jiko, kwa kuwa baada ya hapo hakuna nafasi ya kutafuta kisu.

Washa moto wa kati, weka kijiko 1 cha mafuta kikaangoni, na yakipata moto panga vipande vya soseji kimoja kimoja bila kuvirundika. Viache dakika 3 bila kuvigusa, vigeuze, kisha viache dakika 3 nyingine. Vitoe na uviweke kwenye sahani safi, usiviweke kwenye ubao au sahani iliyobeba soseji mbichi. Kikaango usikioshe. Yale mabaki ya kahawia yaliyoganda chini ni ladha ya nyama, na yatahamia kwenye viazi katika hatua inayofuata.

Mimina viazi, nyunyiza chumvi kidogo sana, ongeza nusu kikombe cha maji, na funika. Huenda msomaji akashangaa kuona maji yakiingizwa baada ya kuambiwa kwamba maji ndiyo yanayoharibu, lakini kila jambo lina wakati wake: mvuke huivisha kiazi mpaka ndani kwa muda mfupi, kazi ambayo mafuta peke yake yangeifanya polepole huku nje pakiungua. Pia maji hayo huyabandua mabaki ya soseji na kuvipaka viazi. Acha dakika 6, kisha jaribu kwa ncha ya kisu. Kiazi kinapaswa kuingilika kwa shida kidogo, kama kiazi ambacho bado dakika chache kiive. Anayeishi Nairobi, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, aongeze dakika 2, kwa sababu huko maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, na viazi huchelewa kidogo kuiva.

Sasa funua na uyaache maji yakauke yote. Hatua hii isiharakishwe. Sikiliza kikaango: mlio wa maji yanayochemka ni mzito na wa kuporomoka, na yanapokwisha hugeuka kuwa mchakacho mwembamba na mkavu. Ukisikia mlio umebadilika, mimina vijiko 2 vya mafuta vilivyobaki kwa kuvizungusha pembeni mwa kikaango, tandaza viazi viwe safu moja, na uweke mwiko chini. Viache dakika 4 kamili. Kishawishi cha kukoroga kitakuwa kikubwa, hasa kwa aliyelelewa kwenye jiko la ugali, lakini kiazi kinachosogezwa kila mara hakipati nafasi ya kufanya ukoko, kama vile ambavyo wali unaokorogwa haufanyi matandu. Kiazi kilicho tayari kugeuzwa hujiachia chenyewe. Kikiwa bado kinang'ang'ania, hakijawa tayari, na kukikwangua ni kuuacha ukoko wote chini. Geuza kwa mwiko bapa au kijiko cha kugeuzia chapati, sehemu baada ya sehemu, na acha dakika 4 nyingine.

Ndipo mboga zinapoingia, tena kwa zamu. Karoti na vitunguu hutangulia, kwa dakika 4, huku viazi vikisogezwa pembeni ili mboga ziguse kitako cha kikaango. Hoho hufuata kwa dakika 2. Kitunguu saumu na binzari viwekwe katikati, juu ya mafuta, kwa nusu dakika tu mpaka harufu itoke, kwa kuwa vikizidi hapo huwa vichungu. Kabichi huja mwisho na hupikwa dakika 2 au 3 bila kufunikwa, ili maji yake yapande hewani badala ya kushuka juu ya viazi. Mimi huipenda ikiwa bado inalia menoni. Mwenye sukuma wiki badala ya kabichi aifuate njia hiyohiyo, ila aikaushe vizuri baada ya kuiosha.

Rudisha soseji pamoja na mchuzi wake wa sahani, changanya taratibu mara 3 au 4, na zipe dakika 3 za mwisho. Soseji ya kuku inahesabiwa kuwa imeiva katikati yake panapofika nyuzijoto 74, na ya ng'ombe au nguruwe panapofika 71. Asiyekuwa na kipimajoto akate kipande kinene kuliko vyote na ahakikishe kwamba nyama imekaza na haina uwaridi wala umaji katikati. Onja kabla ya kuongeza chumvi, maana soseji za kiwandani huja na chumvi nyingi, na mara nyingi haihitajiki zaidi ya ile iliyowekwa kwenye viazi. Malizia kwa pilipili manga, kotmiri na ndimu, ambayo ni ya lazima kwa maoni yangu, kwa kuwa uchachu wake hukata mafuta ya soseji. Nyanya mbichi sikuzitaja katika mahitaji kwa makusudi: ndani ya kikaango zingeurudisha ule mchuzi tuliohangaika kuufukuza. Anayezitaka azikate kachumbari na azipakue pembeni.

Kwa anayetaka kuongeza mayai, tengeneza mashimo 4 kwa mgongo wa kijiko, pasua yai katika kila shimo, punguza moto na ufunike dakika 4 hadi 5, mpaka ute uwe mweupe na kiini kiwe kimekaza kwa kiwango unachokipenda. Watoto wadogo, wajawazito na wagonjwa wapewe yai lililoiva mpaka kiini.

Jiko la mkaa linakubali chakula hiki bila taabu, ilimradi makaa yatandazwe yawe safu moja na yaachwe mpaka yafunikwe na majivu mepesi, kwa sababu makaa yaliyolundikwa katikati huunguza viazi vya kati na kuviacha vya pembeni vyeupe. Wakati wa kuvunja mayai, funga kilango cha chini cha jiko ili moto upungue.

Kinachobaki kiingizwe kwenye friji ndani ya saa 2, kikiwa kwenye chombo kisicho na kina ili kipoe haraka, na kiliwe ndani ya siku 3. Asubuhi usikipashe kwa kukifunika. Pasha kikaango kwanza na kijiko kidogo cha mafuta, kitandaze, kisha kiache dakika 5 bila kukigusa mpaka ukoko urudi na chakula chote kiwe cha moto mpaka katikati, nacho kitakwenda vizuri na chai ya rangi.