Kichujio cha Bwawa la Koi Kiwe Hai Kabla Samaki Hawajajaa

Maji ya bwawa jipya yanaweza kuwa maangavu hadi sakafu ionekane, na bado yakaua samaki. Muuaji ni amonia, sumu isiyo na rangi. Koi, samaki hawa wa mapambo, huitoa mchana na usiku, hasa kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huiongeza. Bakteria wa kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Sponji na pampu ulizofunga ni nyumba tu, wakazi bado hawajahamia.

Wakazi hao, yaani bakteria, wanaongezeka polepole. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, tarajia wiki 4 hadi 8, na katika baridi muda huo hurefuka sana. Unaweza kuanza na samaki wachache wanaolishwa kidogo. Mimi napendelea kuanza bila samaki hata mmoja: tia amonia isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, kisha iongeze kila inapoisha. Hakuna kiumbe kinachoteseka. Sponji iliyotumika katika bwawa la zamani huharakisha kazi, lakini huja na magonjwa ya bwawa hilo pia, kwa hiyo usiichukue kwa mtu usiyeijua hali ya samaki wake.

Wengi hupoteza samaki amonia inaposhuka. Hufurahi, huongeza koi, kumbe nitriti ndiyo inapanda. Nitriti huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, hivyo samaki huhema juu ya maji ingawa hewa ipo tele. Ukiiona, acha kulisha, badilisha sehemu ya maji, na tia chumvi isiyo na viongezo, kilo 1 kwa lita 1,000. Huzuia nitriti nyingi isiingie mwilini.

Maji ya bomba yaondolewe klorini kabla hayajafika bwawani, kwani huua bakteria na kuunguza matamvua. Kwa sababu hiyo hiyo, sponji isuuzwe kwa maji ya bwawa lenyewe, nusu leo, nusu baada ya wiki kadhaa. Pampu isizimwe usiku: bakteria hawa hutumia oksijeni nyingi, na maji yakisimama hufa.

Pima pia alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia pH (kipimo cha uchachu wa maji) isishuke. Kila gramu 1 ya nitrojeni ya amonia inayosafishwa hula takriban gramu 7 za alkalini; ikiisha, pH huanguka na usafishaji husimama. Bikaboneti ya soda huirudisha, ila itiwe kidogo kidogo, maana pH ikipanda ghafla amonia iliyopo huwa kali zaidi.

Kichujio kiko tayari kinapomaliza miligramu 2 za amonia kwa lita ndani ya saa 24, na nitriti ikasoma sifuri. Badilisha maji kupunguza nitrati, kisha ingiza koi wawili watatu, upime kila siku kwa wiki nzima kabla ya kuongeza wengine.