Kabla hujaleta samaki wa mikokoni nyumbani (kwa watu wa Malindi)

Watu wakishaona vile visamaki vya mdomo wa mto Sabaki, au wale wanaorukaruka juu ya matope ya mikoko, wanataka kubeba siku hiyohiyo wakawafuge kwenye tangi la kioo nyumbani. Jamani ngojeni, samaki ndiye aje mwisho, manake kinachowaua wengi si njaa, ni maji ambayo hayajawa tayari.

Samaki hawa hawataki chumvi kali ya bahari wala maji matamu matupu. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita, sisi tunatafuta kama 9 hivi, kwa hiyo ndoo moja ya bahari kwa ndoo tatu za maji matamu yatosha kuanzia, afu upime na haidromita, kile kifaa cha kupimia chumvi ya maji, ikisoma kati ya 1.005 na 1.008 uko sawa. Chota maji yakijaa, tena mbali na Sabaki, haswa masika manake mto ukishusha tope bahari yetu yote inageuka chai ya maziwa. Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke, na ya kisima usiyaamini kabla ya kuyapima, visima vingi vya huku vina munyo tayari.

Sasa hapa ndipo watu hukosa subira. Washa filta na pampu tangi likiwa na maji lakini bila samaki, tupia chembe za chakula kidogokidogo zioze, ile amonia inayotoka ndiyo itakayolisha bakteria, wa kwanza wanaigeuza nitriti ambayo pia ni sumu, wa pili wanaigeuza nitreti ambayo si kali sana. Hii inachukua wiki nne mpaka sita, na hata maji yakionekana safi kama nini, usitie samaki mpaka amonia na nitriti zisome sifuri zote mbili.

Stima ikipotea je? Tafuta pampu ya hewa ya betri mapema. Hita huku ya nini, ila usiweke tangi dirishani pa jua.

Piga mstari na kalamu kwenye kioo pale maji yanapofika. Yakipungua kwa joto ongeza maji matamu tu, chumvi yenyewe haiendi popote, ukiongeza ya bahari kila mara utawakaanga.

Kuhusu samaki, mimi nasema anza na moli, visamaki vya kufuga vya dukani, ni wagumu na wanazaana. Vifaranga vya mwatiko achana navyo, mwatiko anapita mita moja. Wale wa matopeni wanataka sehemu kavu ya kupanda na kifuniko kinachobana, la sivyo utawaokota sakafuni. Na ndani ya hifadhi ya bahari usitoe chochote, samaki wala tumbawe.

Moli wa dukani mara nyingi amelelewa maji matamu, so mwanzie humo, chumvi umpandishie polepole kwa siku kadhaa kila unapobadilisha maji.